Nikianza Kusahau

Wajukuu wangu,

Nawaandikia nikiwa na akili timamu, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika leo wala si mwakani. Mambo ya shamba na ng'ombe nimeyamaliza na baba zenu. Waraka huu ni wa ubongo wangu, ambao hakuna aliyeniuliza habari zake.

Nyinyi hamkuwapo, lakini miaka ya sabini huku kwetu Mbiuni na kule Matungulu kulijaa watafiti. Wakenya na Waholanzi walifuatilia surua, kifaduro na uzazi, na vijana wa hapa hapa walipita mji kwa mji kila baada ya wiki mbili wakiuliza nani kazaliwa, nani anakohoa, nani kafa. Wapo wazee walionung'unika kwamba watoto hawahesabiwi. Akina mama walijibu maswali hata hivyo, kwa kuwa surua ilikuwa ikiwamaliza watoto wao. Watoto wa siku zile sasa wana miaka hamsini na kitu, presha imeanza kuwasumbua, na uzee unawasubiri mlangoni. Ndiyo maana nasema zamu ya kuulizwa imetufikia tena, safari hii sisi wenye mvi.

Ubongo huzeeka kama kiungo kingine chochote. Husinyaa kidogo kidogo, fikra hupunguza mwendo, jina la mtu hukwama ulimini. Lakini si kila kitu hushuka. Huko Seattle, Marekani, mtafiti Warner Schaie alianza mwaka 1956 kuwapima watu na kurudi kuwapima baada ya kila miaka saba, akaona kwamba utajiri wa maneno wa mtu huweza kuongezeka hadi umri wa miaka sitini na kitu. Kwa hiyo nikichelewa kulitaja jina la mwalimu wenu mkuu, niacheni nilitafute. Nikipotea njia ya kutoka Masii kuja nyumbani, njia niliyoipita tangu utoto, huo si uzee, ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa huo, dimenshia, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi kama yetu.

Sasa sikilizeni jambo lililonikosesha usingizi. Mtafiti David Snowdon aliwaomba watawa 678 wa Marekani wapimwe akili kila mwaka, na wakifa ubongo wao uchunguzwe. Mmoja wao, Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101, na majaribio alikuwa akiyafaulu vizuri. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa umejaa alama za ugonjwa wa Alzheimer, unaoleta dimenshia. Alama zilikuwapo, na bado kichwa kilifanya kazi! Na Ibadan, Nigeria, wazee wa mtaa wa Idikan walilinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yalitoka mwaka 2001: kwa mwaka, waliopata dimenshia Ibadan walikuwa asilimia 1.35, na Indianapolis asilimia 3.24. Swali la kwa nini walitofautiana hivyo lisingezuka kama wale wazee wa Idikan wangefunga milango yao.

Karibu nasi zaidi, wilayani Hai chini ya Kilimanjaro, wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea walipimwa mwaka 2009 na 2010. Ilikadiriwa kwamba asilimia 6.4 ya wenye umri huo walikuwa na dimenshia. Kilichonipendeza zaidi ni kipimo kilichotengenezwa baadaye. Vipimo vingi vya kutoka nje humpa mzee kalamu achore, na yule ambaye hakuwahi kukaa darasani hushindwa hata kama anawajua mbuzi wake wote kwa rangi na ukoo. Hiki cha Hai humpa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa, kisha humwambia ataje wanyama anaowajua kwa dakika moja. Hiyo ni heshima. Mtu apimwe kwa vitu vya kwao.

Jirani zetu wa Makueni nao wameshafikiwa na watafiti. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba za mradi wa STRiDE wa utafiti wa dimenshia, na taasisi ya Profesa David Ndetei ilifanya kazi huko, ikiwamo ya kupambana na unyanyapaa. Kazi hiyo ina maana kubwa. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kuitwa wachawi. Mzee anayezurura usiku na kuzungumza na waliokufa ni rahisi mno kupachikwa jina hilo. Atakayelitamka kwangu, au kwa kikongwe yeyote wa kijiji hiki, asihesabiwe mjukuu wangu.

Jopo la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayochangia dimenshia, likasema yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya ugonjwa ingezuilika au kucheleweshwa. Siwasomei yote. Nipimeni presha. Nikianza kuitikia nisichoulizwa, nipelekeni nikapimwe masikio kabla hamjasema nimechanganyikiwa. Na msiniketishe peke yangu na redio kutwa nzima.

Siwaombi mtoe ubongo wangu nikifa. Najua shangazi yenu hatalala. Lakini nikianza kusahau, chukueni lile daftari la hesabu za maziwa mwandike tarehe, nilichosema na nilichosahau, mpeleke kwa daktari hospitali ya Machakos. Na akija mtafiti, mchunguzeni yeye kwanza: ametumwa na nani, kibali kiko wapi, majibu atayaleta lini kijijini. Akijibu sawasawa, mwambieni mimi nilikubali zamani. Nimetia sahihi mbele ya mzee wa kijiji, ili asije mmoja wenu akadai kwamba nilipokubali nilikuwa nimekwisha kupotewa.

Susu wenu,
Mbiuni, Machakos