Mavyaa Alikuwa Akitaka Kuswali



Kabla ya harusi yangu somo yangu alinifundisha kila kitu. Kujisinga, kufukiza nguo udi, kumpokea mume akirudi safari, hata namna ya kukaa mbele ya wakwe. Jambo moja tu halikumjia, wala mimi halikunijia: mama wa mume wangu akiumwa, husema kwa lugha gani?

Mume wangu ni Mhehe wa Ipogolo, Iringa, pale chini ya mlima karibu na mto Ruaha Mdogo, mji wenyewe ukiwa juu. Nilifika mwezi wa Julai, hina bado imekolea mikononi, buibui langu jepesi la pwani, baridi inanitafuna. Mavyaa akatoka mlangoni akaniambia, "Kamwene." Nikajibu kwa adabu zangu zote, "Marahaba." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kamwene ni salamu ya Kihehe, na hujibiwa kwa kamwene. Mimi siku ya kwanza tu nimejifanya mkubwa kwa mama mkwe!

Alinisamehe, akanisogezea jiko la mkaa miguuni. Kiswahili alikijua vizuri, basi nikaona sina haja ya kujifunza zaidi ya salamu. Alipokaa uani na wenzake wakisuka vikapu vya milulu na kupiga soga kwa Kihehe, mimi nilikuwa na simu yangu. Miaka minne ikapita hivyo.

Kisha akapata kiharusi. Alhamdulillah alizinduka, lakini Kiswahili hakikurudi. Daktari alitueleza kwamba hutokea: mwenye lugha mbili anaweza kupoteza moja zaidi ya nyingine, na mara nyingine inayobaki ni ile ya utotoni.

Jioni moja mume wangu alikuwa safarini, nimebaki na mgonjwa na watoto. Mavyaa akaanza kurudia maneno yale yale, akinyoosha mkono wake mzima. Nikampa maji, akakataa. Nikampa uji, akafunga mdomo. Nikambadilisha nguo, nikamwongeza blanketi. Akalia. Binti yangu wa miaka mitatu akaniuliza, "Mama, bibi anasema nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikamwita jirani, bibi wa rika lake, Mkristo. Alisikiliza mara moja tu. "Anasema mumgeuze upande wenu wa kuswalia. Magharibi inampita."

Mashoga, aibu niliyoiona siku ile siisahau. Mimi niliyekaa chuoni tangu sina meno, mavyaa ananiomba kibla, nami namlisha uji. Aliyemfikisha kwenye swala yake ni jirani wa kanisani, kwa sababu alijua lugha yake.

Usiku ule nilizikumbuka aya mbili nilizokuwa nikizisoma bila kusimama. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu anataja kutofautiana kwa ndimi zetu miongoni mwa ishara zake. Na katika Surat Ibrahim, aya ya 4, anatufahamisha kwamba kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake. Ikiwa mitume walisema na watu kwa lugha zao, mimi ni nani hata nimwone mkwe wangu ndiye wa kunifuata kwa lugha yangu?

Na Kihehe si lugha ya kudharauliwa. Jina Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ndiyo lugha ya Mkwawa, aliyepigana na Wajerumani mpaka akafa mwaka 1898, na fuvu lake likarudishwa nyumbani mwaka 1954. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Lakini atlasi haichezi na watoto. Pale Ipogolo watoto wetu husoma kwa Kiswahili, hutazama katuni kwa Kiswahili na hugombana kwa Kiswahili.

Nakipenda Kiswahili, na kila Julai 7 nashangilia siku yake. Lakini hata kisiwani tuna la kujiuliza. Shangazi zangu wa Makunduchi wakianza Kikae chao, mimi nashika nusu. BAKIZA wametoa kamusi ya Kimakunduchi, Mungu awalipe, ila sauti ya shangazi yangu haimo kamusini.

Basi tukafungua kundi la WhatsApp la familia. Jirani yetu na wifi zangu walikuwa wakimsemesha mavyaa, nami narekodi. Vipande vya mwanzo vilipotea vyote, kwa sababu simu ya mume wangu ilitumbukia kwenye ndoo na hatukuwa na nakala. Baada ya hapo tukajiwekea utaratibu: kila sauti ina tarehe, maana yake kwa Kiswahili imeandikwa chini, nakala moja kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe. Tunaomba ruhusa kwanza. Na maneno ya wanawake, yale ya ndani, hayatoki kundini; kuhifadhi lugha si kuvua sitara.

Mavyaa alifariki mwezi wa Shaaban. Mungu amrehemu. Tuna vipande 23. Vingine vina jogoo, vingine vina malori ya barabarani, kimoja amekohoa zaidi kuliko alivyosema. Sikufuta hata kimoja. Binti yangu akikisikia kile cha salamu, huiambia simu, "Kamwene, bibi."

Bi harusi unayesoma hapa, ikiwa unaolewa Bara, Pemba, Tumbatu au hata mtaa wa pili, kabla hujapanga rangi za sherehe jifunze maneno manne ya mavyaa wako: nina kiu, naumwa, naona baridi, nataka kuswali. Mrekodi akiyasema mwenyewe, akiwa mzima, anacheka matamshi yako. Mimi nilingoja mpaka akawa hawezi kunicheka.

Wasalaam alaykum.