Dereva Asiyeonekana

Nakiri mapema, mpenzi msomaji, kwamba mimi ni mtu wa riwaya na ushairi, na hadi likizo iliyopita sikuwa nimewahi kuchungulia tumbo la mashine yoyote. Lakini ndugu yangu mdogo ana kibanda katika soko la Manga: runinga moja na mashine moja ya michezo ya diski, ambapo vijana hulipa shilingi chache wacheze kandanda. Kibanda hicho ndicho kilichonilipia nusu ya karo ya uzamili. Mashine ilipoanza kuikataa diski, basi, msiba ulikuwa wangu pia.

Fundi mmoja mjini Kisii alibadilisha lenzi. Ikasoma siku mbili, kisha kimya. Akatia ya pili, nayo ikafa. Hapo nilipanda matatu mwenyewe, nikamwita mzee yule mwizi mbele ya wanagenzi wake, tena kwa Kiswahili sanifu, kana kwamba ufasaha ni ushahidi. Hakunijibu. Alivuta kiti, akasema, "Keti, mwalimu, uone."

Kumbe lenzi huning'inia kwa nyaya nyembamba, na kando yake mna koili zilizo karibu na sumaku. Koili moja huiinua na kuishusha lenzi ili mwale ulenge barabara. Nyingine huisogeza kando ili ifuate mistari ya diski, ambayo kwenye DVD hutengana kwa mikromita 0.74 tu. Ubongo wa mashine huamuru, ila amri yake ni dhaifu, haisukumi kitu. Kati yake na koili pana chipu bapa, nyeusi, inayoigeuza amri ile kuwa mkondo wenye nguvu. Chipu iyo hiyo huendesha mota inayozungusha diski na ile inayobeba kitengo cha lenzi. Ikiharibika ndani, huweza kuachilia mkondo mfululizo, na waya wa koili, mwembamba kama unywele, huungua.

Mzee aligusisha ncha za mita kwenye koili ya lenzi ya pili. Mshale haukutikisika, waya ulikuwa umekatika. Akaiwasha mashine kitambo kidogo. "Iguse chipu," akasema. Kidole changu kilirudi chenyewe.

"Dereva ndiye mbaya. Nami nilikosa, sikumpima kwanza."

Dereva! Nikaanza, kwa mazoea yetu, kusaka istilahi. "Kiendeshi"? Hilo tumekwisha kukipa kifaa kizima kinachosoma diski. "Kipaza"? Wasomaji wangesikia sauti ya mkutano wa hadhara. Mzee, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kuitia chipu katika ngeli ya A-WA na kazi ikaendelea.

Alitia chipu mpya na lenzi ya tatu, akadai bei ya chipu peke yake. Wanagenzi walikuwa wakinitazama. Nilitaka kumwomba radhi kwa lugha niliyomtukania, ulimi ukagoma. Nikaomba kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini. Hakuinua macho. Alinikabidhi skrubu nne nizifunge.