Kidonda cha Kachori

Sisi huku Reading hatujambo, ni baridi tu na zamu za usiku ndizo zinazotutafuna. Najua nimepotea siku nyingi, mtanisamehe.

Leo nimelazimika kuandika kwa sababu ya picha. Nasra alimtumia bibi yake picha ya wanyama wake wawili, na kabla ya magharibi ilikuwa imezunguka Tanga nzima. Dada Mwanaidi akanipigia: "Mdogo wangu, kweli mnalala nyumba moja na mijusi?" Mama naye akasema, kwa upole wake ule unaochoma zaidi: "Nasikia mmoja aliumia ukakesha naye." Ni kweli, Mama. Ilikuwa Julai 2022. Bora nisimulie mwenyewe kabla hadithi haijaota mkia.

Kwanza, si mijusi. Wanaitwa aksoloti, ni jamaa wa vyura, na kwao ni Xochimilco, kwenye maziwa na mifereji ya jiji la Mexico. Huko kwao wamebaki wachache mno, ila wa kufugwa wametapakaa duniani. Chura akikua hutoka majini. Huyu hubaki majini maisha yake yote, na matamvua yake yamening'inia nje ya kichwa, matatu kila upande, kama manyoya. Chakula chake nyungunyungu, wale wale tuliokuwa tukiwachimba kwa chambo. Jirani yetu mwanafunzi alikuwa anahama, akamwachia Nasra wawili. Mtoto akawaita Bajia na Kachori. Nilikubali kwa sababu alikuwa amebadili shule na hana rafiki hata mmoja. Jioni alikuwa anaongea nao kuliko anavyoongea nami.

Sasa sikieni. Tarehe 19 Julai 2022 joto la Uingereza lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zao. Nyumba za huku zimejengwa kutunza joto, si kulitoa. Mimi wa Tanga nilihema, sembuse kiumbe anayetaka maji ya nyuzi 16 hadi 18, yakizidi 20 anaanza kutaabika. Maji ya tangi letu yalifika 26. Katika tabu ile Bajia akamng'ata Kachori: vidole viwili vya mguu wa mbele vikaenda, na ncha ya tamvua moja. Siku ya tatu pale kwenye tamvua pakaota kitu cheupe kama pamba. Ukungu huo.

Mnajua kazi yangu ni kutunza wazee, vidonda nimeviosha vingi. Kwa hiyo nikajiona bingwa. Nikakimbia dukani, nikarudi na chupa ya dawa ya ukungu wa samaki. Nasra, miaka 11, akasoma maandishi madogo ya nyuma akanizuia mkono. "Baba, ina shaba. Ngozi yake inanyonya kila kitu, utamuua." Nikaiweka chupa chini.

Basi tukafanya yanayofaa. Tulimtenga Kachori na mwenzake, tukamweka kwenye beseni la plastiki lenye maji ya baridi, tuliyoyatia kwanza matone ya kuondoa klorini ya bomba. Maji hayo tulikuwa tunayabadilisha yote kila siku, maana uchafu wake mwenyewe hutoa amonia, na amonia humuunguza. Kupooza tulitumia chupa ya maji yaliyogandishwa, inaelea pembeni. Na kwa ukungu, bafu la chumvi: lita moja ya maji ya baridi, vijiko viwili vya chai vya chumvi isiyo na madini joto, anakaa humo dakika 10, asubuhi na jioni. Isizidi 15, kwa sababu chumvi hiyo hiyo inayoua ukungu huunguza ngozi na matamvua yake. Vidole vilivyokatika hatukuvigusa kabisa. Mnyama huyu Mungu amemjalia: kidole, hata mguu mzima ukikatika, huota tena, mradi maji ni safi na baridi.

Siku ya pili asubuhi nilitoka zamu ya saa 12. Nasra akaniomba: "Baba, mhesabie dakika 10, nakwenda kuoga." Nikakaa kwenye kochi, saa mkononi...

Nilishtuliwa na ukelele. Dakika 25 zilikuwa zimepita. Kachori alikuwa amelala upande, matamvua yamejikunja mbele, hatikisiki. Nasra alimnyanyua kwa mikono miwili na kumrudisha kwenye maji safi, mikono inamtetemeka. Hakunilaumu. Hakusema neno, na ndilo lililoniumiza. Nikiwa kazini nisingesinzia karibu na mgonjwa wa mtu. Kwa kitu cha mwanangu mwenyewe nilisinzia.

Ndiyo maana nikakesha, Mama. Usiku ule niliomba ruhusa kazini, tukakaa sakafuni jikoni mimi na yeye, tunabadilisha chupa za barafu. Karibu na alfajiri Kachori alitikisa tamvua moja, halafu la pili. Nasra akaegemea bega langu akaanza kunieleza habari za shule, mambo ya miezi mizima ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa sijui kama mtoto wangu anakula chakula cha mchana peke yake chooni. Sikuwa na la kusema, nikamsikiliza tu.

Bafu za chumvi tuliziacha siku mbili apumzike, kisha tukarudi kwa dakika 10 kamili, saa ya jikoni inalia. Baada ya siku nne pamba ile ikadondoka. Ingeenea, au angekataa kula, tungempeleka kwa daktari wa wanyama anayewajua viumbe hawa, na fedha ningeitafuta. Septemba shule zilipofunguliwa, Nasra alikuja nyumbani na wenzake wawili. Wasichana watatu wamepiga magoti mbele ya tangi wanahesabu vidole. Vilikuwa vimetimia.

Dada Mwanaidi, najua utauliza kwa nini nihangaike hivi na mjusi wakati nyumbani kuna shida za watu. Swali lako ni halali. Jibu langu ni kwamba chumvi ni ya jikoni na maji ni ya bomba. Kilichohitajika zaidi ni mtu kukaa macho. Na hicho ndicho nilichokuwa simpi mwanangu. Siku hizi nimepunguza zamu moja kwa wiki. Kama hela ya mwezi inafika pungufu kidogo, sababu ndiyo hiyo, nimewaambia kweli.

La mwisho la kuwachekesha: majani makavu ya mkungu, yale Mama unayoyafagia uani kila asubuhi ukinung'unika, huku yanauzwa kwenye pakiti! Wafugaji huyaloweka kwenye maji ya wanyama hawa kutuliza ngozi. Mama, unafagia mali.

Haya, panapo majaliwa tutaonana tena hapa. Nisalimieni wote, wakubwa shikamooni.

Wasalaam.