Ripoti Niliyoiandika Kabla ya Safari

Ripoti ya ziara ile niliimaliza siku tatu kabla waheshimiwa hawajapanda ndege. Niliiandika usiku hapa Lanet, malori yakinguruma kwenye barabara kuu ya Nairobi. Ndani yake wawakilishi wadi saba wa kaunti moja, sitaitaja, walikuwa tayari "wamejionea wenyewe" mtambo wa kuchoma taka ng'ambo. Mtambo wenyewe sikuwahi kuuona. Nilichokuwa nacho ni kijitabu cha matangazo cha kampuni iliyotaka kuuuza.

Riziki yangu ni kuwaandikia watu: hotuba, maombi ya zabuni, hata tanzia. Kampuni ilikuwa imelipia tiketi, hoteli na posho za wanakamati ambao wangeujadili mswada wa taka. Nikajipa moyo kwamba afadhali hii. Tangu kaunti zianze mwaka 2013 wananchi wamelalamikia ziara za mafunzo zinazokula kodi yao. Hii haikula hata senti. Nilivyojidanganya! Safari ya kodi ina risiti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaweza kuidai. Ya mfadhili inadaiwa na mfadhili, tena kwa kura.

Ila ripoti ndiyo dhambi ndogo. Kubwa ni barua ya mwaliko. Rasimu yangu iliitaja kampuni kuwa "mdhamini". Meneja akanipigia: "Ndugu yangu, hilo neno litatuchoma. Andika wenyeji." Nikaandika wenyeji, na jina la kampuni nikalifuta kabisa. Wala sikuwa mjinga wa sheria. Kifungu cha 76 cha Katiba ya 2010 kinasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni ya Jamhuri, na cha 260 kinamhesabu mwakilishi wadi miongoni mwa maafisa hao. Vifungu hivyo nilikuwa nimewafundisha watu kanisani, kwenye elimu ya uraia. Ndiyo maana nilijua hasa cha kufuta. Malipo yaliingia kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo, nikanunua geti.

Miezi miwili baadaye kampuni ikanituma kwenye kikao cha maoni ya umma, nikae nyuma nisikilize. Akasimama mama mmoja anayeokota chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo.

"Mheshimiwa, mtambo ukichoma kila kitu, sisi tutauza nini?"

Mheshimiwa hakubabaika. Akafunua ripoti, ukurasa wa tisa, akasoma kwamba huko walikotembelea waokotaji wote waliajiriwa kiwandani, kwa mshahara na bima. Sentensi hiyo niliitunga mimi. Hata kwenye kijitabu haikuwemo. Niliona tu aya imepungukiwa na kitu.

Mama alifikiri kidogo, akafunga leso yake kiunoni.

"Haya basi," akasema, "kama mliwaona kwa macho yenu." Akaketi.