Bro wangu anataka hema lenye magurudumu, na mimi niko foleni nyuma yake

Wasee, kila nikiweka picha ya hema hapa, inbox inajaa swali moja tu: "Hiyo ni ngapi?" Bei ni swali la mwisho, tutafika. Leo tuongee kuhusu familia yenye watoto inayonunua hema lake la kwanza la kusafiri nalo. Na sisemi Naivasha wala Diani. Nasema huku kwetu, Migori na Homa Bay, ambako hema linaweza kuitisha kikao cha wazee.

Bro wangu mkubwa anaishi Nairobi na mke wake na watoto watatu, wa mwisho ana miaka mitatu. Ana Noah. Tangu mwaka jana amekuwa akinitumia video za Wamarekani na Waaustralia wakivuta vitrela. Barabarani ni kisanduku cha chini tu, lakini wakifika wanafungua komeo, kuta za turubai zinapanda, vitanda vinachomoka kando, na ghafla kuna chumba. "Omera, nitafutie hiyo." Mimi ndiye yule wa familia aliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo chochote kinachohusu mtandao ni kazi yangu, bila malipo.

Mwanzoni nilidhani ni mambo ya likizo, yaani bro ameanza kuwa na pesa kidogo na anataka watoto waone wanyama. Kumbe hapana.

Kama wewe si Mjaluo, ngoja nikueleze haraka. Kwetu kijana akikua anajengewa simba, ile nyumba yake ndogo kando ya lango la boma. Akioa, yeye na mke wake hawawezi kulala kwenye nyumba ya mathe. Ni kwer, mwiko, na ukivunja mwiko unaita chira. Unaweza kucheka, lakini mathe hacheki. Simba ya bro ilianguka na mvua akiwa Nairobi, na hajawahi kuijenga tena. Kwa hivyo Krismasi sita mfululizo shemeji na watoto wamelala lojing'i Migori mjini. Wanafika nyumbani saa nne asubuhi kama wageni wa harambee, na saa kumi na moja jioni wanaanza kutafuta viatu. Mathe anapika, anawakumbatia, anawafungia njugu kwenye mfuko. Hajawahi hata siku moja kuamka na wajukuu wake wako nyumbani.

Na kuna mimi. Kujenga kunafuata umri, na mdogo hawezi kumruka mkubwa. Bro hajajenga, basi mimi siwezi kujenga. Nalala kwenye simba ya binamu yangu, na mabati yangu kumi na nane yameegemea ukuta wa jiko la mathe. Bro akipata hema zuri la kulalia nyumbani, atakuwa na sababu gani ya kujenga? Hapo ndipo uone vile nashauri mtu dhidi ya mfuko wangu mwenyewe. Lakini kazi ni kazi.

Tuanze na lile hema mnalolipenda wote, la juu ya paa la gari. Kwa picha ni noma, sikatai, hata mimi nimepigia picha la watu. Lakini soma kitabu cha gari kwanza. Hema la aina hiyo huwa na kilo 50 hadi 80 hivi, na paa lina kikomo cha mzigo gari likiwa linatembea, ambacho kwa magari mengi ya familia si kikubwa. Gari likisimama, paa linabeba zaidi sana, ndiyo maana watu wazima wawili wanalala huko juu na halibonyei. Shida iko barabarani, kwenye kona na mashimo. Kitabu cha Noah ya bro kimeandikwa Kijapani chote, kwa hivyo ilibidi nipige picha kurasa na kuzipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Tulipata namba, na haikutufurahisha.

Halafu kuna ngazi. Mtoto wa miaka mitatu huamka saa nane usiku akitaka kukojoa, na wewe ndiye utateremka naye gizani. Na ni watu watano, hema lenyewe linatosha watatu wakipendana.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni kitu kingine. Mathe ana presha. Akizidiwa usiku, gari la kumkimbiza hospitali ni lile lile ambalo watoto wamelala juu yake. Utaamsha watoto, utakunja hema, utafunga mikanda, na mathe anakungoja kwenye kiti? Hapo nikamwambia bro tuache hiyo.

Hema la chini ndilo la bei nafuu, na kama wewe ni kijana na mabeshte watatu, nunua hilo na usome hadithi za wengine kwa raha zako. Ila bro anataka pia kuwapeleka watoto Ruma, kule Homa Bay. Toka Migori unafuata lami hadi Rongo, unakata kushoto kwenda Rodi Kopany hadi Homa Bay, kisha barabara ya Mbita. Ruma ni kilomita za mraba 120 kwenye Bonde la Lambwe, na ndiko mahali pekee Kenya unapoweza kumwona korongo porini, si yule ndege, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Kuna twiga, kuna nyati. Udongo wake ni ule mweusi, mvua ikipiga kidogo unashika kiatu na hauachilii. Kigingi kinaingia kama kwenye ugali na kinatoka hivyo hivyo. Kama unaenda na hema la chini, nenda Januari au Julai, si Aprili.

Na rangi, tafadhali. Lambwe ilijulikana zamani kwa ugonjwa wa malale, na mbung'o bado wako. Ukiingia utaona mitego yao, vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa porini. Unadhani kwa nini bluu na nyeusi? Kwa sababu mbung'o anazipenda. Sasa wewe unaenda kununua hema la bluu la kung'aa kwa sababu litatoka poa kwenye video. Chukua rangi ya mchanga, na uvae hivyo pia. Wanauma kupitia suruali ya jinzi, usinibishie.

Mbu ni hadithi nyingine, na huku si mchezo. Homa Bay ni mojawapo ya kaunti za kwanza Kenya ambako watoto walianza kupewa chanjo ya malaria, Septemba 2019, na haikuchaguliwa kwa bahati. Kwa hivyo dukani usiangalie taa za rangi zilizoshonwa ndani. Angalia neti ya dirisha, matundu yake, na zipu ya mlango, maana zipu ndiyo hufa kwanza. Ifungue na kuifunga mara ishirini mbele ya muuzaji. Atakasirika, wacha akasirike.

Mkienda Mbita au Rusinga, msilale kwenye mchanga wa ufukweni eti mwamke na jua la ziwa. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na anarudi kwa njia yake, na njia yake haiulizi kama kuna hema. Lala juu, mbali na maji, kwenye kambi yenye mlinzi.

Trela sasa. Kwa karatasi ndiyo inashinda. Unaifungua kutoka kwenye gari na gari linabaki huru. Iko chini, mtoto anapanda mwenyewe. Lakini zile za video haziuzwi hovyo hapa, na ukiagiza moja kutoka nje, meli na ushuru vitakula kitu cha kutisha. Nikamwambia bro kuna njia ya katikati: fundi wa jua kali hapa Migori anayechomelea trela za kubebea miwa na ng'ombe atengeneze ndogo ya ekseli moja, halafu hema la kukunjwa lifungwe juu yake, na chini kizinguliwe turubai mpaka ardhini wakubwa wabadilishie nguo. Hema lenyewe lililotumika tulipata kwa laki moja na kitu. Trela itakaguliwa na kusajiliwa na NTSA ipate namba yake yenyewe, ile inayoanza na Z. Usikubali fundi akuambie eti ndogo haihitaji.

Kitu ambacho hawaonyeshi kwenye video ni mizani. Karibu asilimia 10 ya uzito wa trela unafaa ukalie kulabu ya gari. Ukipakia maji na viazi vyote nyuma ya ekseli, trela inaanza kutikisa mkia kwenye mteremko, na ikianza kutikisa Noah haina uzito wa kuituliza. Mzigo mzito weka juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Na jifunze kurudi nyuma nayo uwanjani kabla hujaja kwetu, maana njia ya kutoka lami hadi nyumbani ni ya boda mbili kupishana. Jambo lingine, turubai ikikunjwa mbichi na joto la huku, siku mbili tatu imeota kuvu. Ukifika nyumbani unaifungua tena, hata kama umechoka, unaianika.

Basi tukafikiri tumemaliza. Mathe akasema aulizwe baba mdogo.

Baba mdogo alisikiliza yote, akaomba aone video. Aliitazama mara mbili. Akauliza kama hema litapigwa vigingi ndani ya boma. Hapo nilielewa anakoenda. Ukichimba ardhi ya boma, ukasimamisha mti, ukalala na mke wako, huo ni mwanzo wa ot, nyumba, na nyumba ina mpangilio wake na watu wake wa kuwepo. Hema la chini lingeleta kesi. "Na hii ya magurudumu?" akajiuliza mwenyewe. "Haina siro. Asubuhi inaweza kuondoka. Hii ni gari." Mtu kulala ndani ya gari lake si kwer. Isimame karibu na lango, si mkabala na mlango wa mathe, basi.

Shemeji, ambaye huwa haongei kwenye vikao, akasema kwa adabu kwamba hata waliojenga Thimlich Ohinga kwa mawe mwishowe walihama. Kama hujawahi kufika, iko huku huku Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, za kama miaka 500, na UNESCO waliiorodhesha 2018. Baba mdogo akacheka. Kisha akageuka akaniangalia mimi. "Lakini gari halisongeshi foleni," akasema.

Mnaonaje? Kuna wale mtaniambia bro anakwepa, kwamba pesa hiyo ingesimamisha mabati na kuta za udongo vizuri tu. Ni kweli ingesimamisha. Lakini siko tayari kumwambia shemeji alale lojing'i Krismasi ya saba ili mimi nipate nafasi ya kujenga. Watoto wanakua. Mathe hazidi kuwa kijana. Nyumba itachukua muda, na ruhusa, na likizo ya bro ambayo mdosi wake hampi. Trela inaweza kuwa hapa Desemba.

Nilimpigia bro nikamwambia wazi: nunua, lakini usinisahau. Akanyamaza sana mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza, "Mabati yako ni geji gani?" Nikamwambia thelathini. Akasema sawa. Sijui sawa hiyo ni ya nini, na sikuuliza.

Kwa sasa fremu iko kwa fundi, ekseli imefika, napita kila Jumamosi kupiga picha na kuhakikisha anachomelea pande zote mbili. Kilichobaki ni rangi ya turubai ya pembeni. Mdogo wa bro amenitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mamake, anataka bluu. Nimemwambia kuhusu mbung'o. Ameniuliza kama mbung'o wanakuja Krismasi.