Uwekevu wa Nyumbani

Liko neno moja ambalo watu wengi hulichanganya na jirani yake. Neno hilo ni uwekevu, na jirani yake ni ubahili. Bahili anayo fedha, wala hataki itumike, hata mtoto akilala na njaa. Mwekevu huitumia fedha yake, lakini kwanza hujua inakwenda wapi. Leo twataka kueleza yale tuliyoyaona katika nyumba yetu wenyewe, sisi mume na mke, ili mwenye nyumba kama yetu apate kuyapima na kuchagua yatakayomfaa.

Sisi twakaa Iringa. Mmoja wetu ni mwalimu, naye hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Mwingine ni fundi cherehani, siku nyingine hupata na siku nyingine hapati. Watoto wetu ni watatu. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine mwezi wa Februari, bei ya mafuta ya kula, ya ngano na ya petroli ilipanda hata huku kwetu, maana Urusi na Ukraine huuza ngano na mafuta ya alizeti kwa wingi sana katika nchi nyingine. Mwaka ule ule mama yetu mzee alikuja kukaa nasi, naye ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Daktari alimwagiza ameze vidonge kila siku, hata siku ajionapo mzima kabisa. Dawa ya namna hii haingoji mwisho wa mwezi. Basi swali letu likawa moja tu: vidonge vya mama vitatoka katika fungu gani?

Watu husema, "Punguzeni matumizi." Ni jepesi kulitamka neno hili. Lakini katika nyumba nyingi maana yake ni kwamba mama apunguze mboga na watoto wapunguziwe maziwa, bali vocha ya simu na soda ya jioni huendelea vile vile. Sisi tulipatana tangu siku ya kwanza kwamba sufuria itakuwa mahali pa mwisho pa kupunguza, wala si pa kwanza. Tukanunua daftari, tukalitundika jikoni kwa kamba, na kila mtu akaandika kila alichokitoa, mume na mke sawasawa, hata shilingi mia ya karanga. Wazee wetu walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwezi ulipokwisha tulikaa tukasoma. Tuliona ya kuwa fedha yetu haikuliwa na vitu vikubwa. Ililiwa na vipimo vidogo: mafuta ya kupima, sukari ya robo, mkaa wa kopo, unga wa kilo moja, kila siku safari ya dukani. Tukataka kujua hasara yake ni kiasi gani. Tukachukua chupa tupu ya lita moja, tukawa twanunua mafuta ya shilingi 500 kila mara na kuyamimina humo hata chupa ikajaa. Tukajumlisha fedha tuliyotoa, tukaona ingalitosha kununua lita moja na robo ya mafuta yale yale kama tungaliyanunua kwa dumu. Yaani katika kila vipimo vitano tulivyolipia, kimoja hatukukipeleka nyumbani.

Hatumlaumu mwenye duka. Yeye naye hununua kwa jumla, hulipa gari na pango, mafuta humwagika akipima, na kazi ya kuwahudumia watu mia kwa shilingi mia tano si sawa na kumhudumia mmoja. Hapa ndipo tulipofahamu jambo ambalo twaona ni kubwa kuliko yote: mtu mwenye fedha kidogo hununua vitu kwa bei ya juu kuliko tajiri, si kwa kuwa hana akili, ila kwa kuwa hana fedha ya kununua kingi kwa mara moja. Kumwambia mtu huyo apunguze ni kumwambia anunue kidogo zaidi, na kidogo zaidi ni ghali zaidi. Bandu bandu huisha gogo. Linalompasa ni kutafuta njia ya kununua kingi mara moja, walau kitu kimoja.

Basi tulianza na kitu kimoja. Mshahara wa mwezi uliofuata ulipotoka tulinunua dumu la mafuta la lita tano. Ile fedha ya kila siku tuliyokuwa tukitoa kwa mafuta hatukuiacha itembee. Tuliitia katika kopo, kama kwamba tumekwenda dukani. Kopo lile likanunua dumu la pili, na ziada ikabaki. Baada ya miezi michache ziada ikatosha gunia la mkaa. Tangu hapo mshahara hununua vitu vya mwezi, na fedha ya cherehani hununua mboga na mahitaji ya siku. Kwa wasio na mshahara, twajua majirani watatu waliochanga fedha wakanunua gunia moja wakagawana kwa debe. Hayo nayo yatosha.

Mwezi wa Julai tukafika kwenye mahindi. Hapa kwetu mavuno ni Juni hata Agosti, na wakati huo bei huwa chini. Ikifika Januari na Februari, akiba zikiisha, bei hupanda sana. Kila mtu ajua hayo, lakini wengi huogopa kuweka kwa sababu ya wadudu. Yuko dumuzi, aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati katika miaka ya 1970. Watu wa vijijini walimwita Scania, kwa nguvu zake za kusaga. Gunia aliloliingia hugeuka vumbi. Dawa yake si lazima iwe ya sumu. Iko mifuko yenye tabaka mbili za nailoni ndani ya gunia, ambayo ikifungwa sawasawa haipitishi hewa, na mdudu aliyemo hufa. Mifuko hii ina bei kuliko gunia la kawaida, lakini hutumika tena mwaka wa pili kama haikutoboka.

Ila mahindi yawe makavu hasa, kwani yenye unyevu huvunda humo. Kuna njia rahisi ya kupima: tia punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha ngoja kama robo saa. Chumvi ikishika kioo, rudisheni mahindi juani. Isiposhika, fungeni.

Kwa habari ya mkaa, tuliona mambo matatu yafaa. La kwanza ni jiko lenye udongo ndani na bati nje, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Joto lake halipotei pembeni, na mkaa kidogo hupika kazi nyingi. La pili ni kuloweka maharage usiku kucha. La tatu ni kikapu. Chukua kikapu kikubwa, kitandike matambara au nyasi kavu pande zote, weka mto juu. Wali ukiisha kuchemka vema, toa sufuria motoni pamoja na kifuniko chake, ifunike ndani ya kikapu, nao utaiva wenyewe pasipo moto. Maharage nayo huweza kumalizikia humo, lakini sharti kwanza yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi, maana yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi.

Tena kuna hatari ya kuwa na kingi. Kilichojaa nyumbani hutumika kwa wingi, na mkono ukizoea gunia husahau kipimo. Kwa sababu hii tuliweka kibaba ndani ya mahindi, na mlinzi wa kibaba ni mama yetu. Yeye ndiye ajuaye idadi ya walaji, naye hupima kila asubuhi pasipo kuzidisha wala kupunja. Mwanzoni alikuwa akisema kwa huzuni kwamba amekuja kutuongezea gharama. Siku hizi hasemi neno hilo. Hutuuliza sisi habari za kibaba.

Limebaki jambo moja gumu, nalo ni michango. Harusi, ubatizo, mazishi, na kadi zake huja kwa simu kila juma. Kukataa ni aibu, na kuitikia zote ni kufunga mlango wa duka la dawa. Tulitenga fungu la michango mwanzoni mwa mwezi. Mazishi hatuyahesabu, maana msiba haupangwi na jirani hafiwi peke yake. Kwa harusi, fungu likiisha, twaenda wenyewe kwa mwenye shughuli na kumwambia kwa heshima, "Ndugu yetu, mwezi huu fedha hatuna, lakini mikono tunayo. Tutakuja kupika na kuosha vyombo." Wako walionuna. Wengi walishukuru, kwa kuwa wachangao ni wengi na waoshao ni wachache.

Hatukuwa matajiri, wala nyumba yetu haina mabati mapya. Walakini tangu mwezi ule wa daftari vidonge vya mama havijakosekana hata siku moja, na watoto hawakupunguziwa chakula kwa ajili yake. Kwetu hilo ndilo lilikuwa shabaha.

Basi, wapenzi wasomaji, msianze na mambo yote kwa pamoja, mtachoka kabla ya mwezi kwisha. Andikeni kwanza kwa siku thelathini, wote wawili, bila kufichana. Kisha chagueni kitu kimoja mnachokinunua kila siku, mkinunue mara moja, na ile tofauti iwekeni mahali pasipofikiwa na mkono wa haraka. Akiba haiozi. Na mwenye kujua njia nyingine iliyomfaa nyumbani kwake, asitunyime. Na atuandikie, ili nasi tujifunze kwake.