Ndege wa Bendera Alikuwa Jirani Yetu

Mjukuu wangu alipokuja likizo kutoka shule ya bweni Tororo, aliniuliza, "Bibi, ndege wa kwenye bendera yupo kweli?" Swali lile liliniuma. Hapa Lunyo, Uganda, korongo taji, ndege huyo wa bendera, alikuwa jirani yetu.

Utotoni tulishuka alfajiri kwenye mabwawa ya mafunjo, upande wa Mto Sio unaotutenganisha na Kenya. Harufu ya pale ninayo hadi leo: tope jeusi, mafunjo mabichi, moshi wa samaki wanaokaushwa. Mzee mmoja msuka mikeka alikata mafunjo yake kwa mafungu, na palipokuwa na kiota hakupagusa. Ndiye aliyetufundisha kutazama. Korongo hukanyagakanyaga nyasi fupi ili panzi waruke, awadonoe. Hutaga mayai mawili au matatu, dume na jike wakipokezana kuyaatamia kwa muda wa mwezi hivi. Jioni hupaa kulala mitini. Mzee alituchutamisha pia kumngojea ndege mwingine asiyeishi ila kwenye mafunjo: mgongo mweusi, utosi wa manjano, kifua chekundu kama kaa la moto.

Baadaye shule ilitupeleka Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison. Nyuma ya picha ya dada yangu pameandikwa 1970. Mimi nakumbuka ni baada ya hapo. Haidhuru. Tuliwaona tembo na viboko kandokando ya Nile, na mwalimu akatueleza kwamba eneo lile ni hifadhi ya taifa kisheria tangu 1952. Sisi kwetu sheria ilikuwa yule mzee.

Kisha mambo yakabadilika huku kwetu. Mzee akafariki, mifereji ikachimbwa, mpunga ukaingia. Mwaka 1995 Uganda ilipitisha sera ya ardhi oevu, lakini mafunjo yaliendelea kuchomwa. Mwaka 2012 korongo taji akaorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Inaniudhi watoto wetu wakodishiwe basi kwenda mbali kumtafuta ndege tuliyemfukuza wenyewe.

Wakulima wana haki ya kula. Lakini kandokando ya Mto Sio uachwe ukanda wa mafunjo usiolimwa wala kuchomwa. Viongozi wa pande zote mbili za mpaka waupime pamoja, wauwekee alama kabla ya msimu ujao wa kulima, na wasuka mikeka wapewe kazi ya kuulinda. Hao ndio wanaojua viota vilipo.